HODI KATIKA NCHI ZA WATU

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu. Imepunguzwa kidogo ili ienee katika kurasa za jarida.)



Kamati iliponiandikia kwamba nije kuzungumza juu ya taratibu za kuomba viza na vibali vya ukaazi katika nchi za nje, nilidhani barua imekosea mtu. Mimi si afisa uhamiaji. Kazi yangu ni mafaili ya mipango, na kwa muda mwingi wa mwaka safari yangu ndefu ni kutoka mezani hadi kabatini. Nikampigia simu Katibu kumweleza hivyo. Akanijibu: "Wewe si ndiye yule aliyenyimwa pasi kwa sababu ya babu yake?" Basi nikajua kwamba habari zangu zimekwisha kufika Kyela kabla yangu, na kwamba kilichotakiwa ni mtu aliyeumwa na nyoka mwenyewe, wala si mganga.

Nianze na maneno matatu ambayo watu huyachanganya. Mtu wa kwetu akienda nyumbani kwa watu, hapiti moja kwa moja mpaka jikoni. Hupiga hodi akiwa bado uani. Mwenye nyumba akiitikia "karibu" kutoka ndani, bila hata kumwona, hiyo ndiyo viza: ruhusa ya kuusogelea mlango. Akishafika mlangoni, mwenye nyumba humtazama usoni, na anaweza kumkaribisha au akabadili nia. Ndiyo ile mihuri ya mpakani au ya uwanja wa ndege, pamoja na idadi ya siku inayoandikwa hapo. Na kama mgeni anataka kulala, kupewa kitanda na kukaa hata mavuno, hilo ni shauri jingine kabisa, nalo linaitwa kibali cha ukaazi. Vijana wengi wakishaiona viza ndani ya pasi zao hudhani wamekwisha pewa kitanda. La. Wamejibiwa hodi tu.

Na wenzetu wanaokuja kwetu nao wanapiga hodi vivyo hivyo. Sheria yetu ya Uhamiaji ya mwaka 1995 ina vibali vya ukaazi vya daraja A kwa mwekezaji au anayejiajiri, daraja B kwa aliyeajiriwa, na daraja C kwa wengine kama wanafunzi na wamisionari. Tangu sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015, mgeni anayekuja kufanya kazi anahitaji pia kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Wale wa rika langu mnamkumbuka mwalimu wetu wa fizikia, mgeni wa kujitolea, jinsi alivyokuwa akipotea siku mbili mbili, tukashangilia kwamba hakuna jaribio. Alikuwa Mbeya, anafuatilia kibali chake. Sisi tulidhani Mzungu hana foleni.

Lakini hapa kwetu, kuzungumza juu ya nchi ya kigeni kuna ugumu wake. Ukisimama Kasumulu, nchi ya kigeni iko pale, ng'ambo ya daraja, na mtu unayemwona kule anasalimia kwa lugha ya mama yako. Mnyakyusa wa huku na Mngonde wa Karonga husikilizana bila mkalimani. Majina ya Mwa- yamejaa pande zote mbili. Mpaka huu uliwekwa na Waingereza na Wajerumani katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, na hakuna Malafyale wala Kyungu aliyeitwa mezani. Waliuchagua mto Songwe kwa kuwa ulionekana vizuri kwenye ramani. Hawakuujua mto wenyewe. Songwe ukifurika hubadili njia, na wako wazee katika tambarare hii waliolala shamba likiwa upande huu wakaamka likiwa upande ule. Shamba lilihama nchi bila pasi wala viza, na hakuna aliyelikamata. Mpaka serikali mbili zimelazimika kuwa na mpango wa pamoja wa bonde la Songwe, na mojawapo ya shabaha zake ni kuutuliza mto huo.

Ziwani ndiyo kabisa. Mnakumbuka mwalimu wetu wa jiografia alivyotuchoresha mstari katikati ya ziwa? Mwenzetu mmoja akaja na atlasi aliyopewa na mjomba wake wa Karonga, na ndani yake mstari umepita pwani, hapa hapa mchangani kwetu, ziwa zima likiwa la Malawi na jina lake likiwa Ziwa Malawi. Darasa likachafuka. Mwalimu akaishika ile atlasi, akaitazama kwa muda, akasema: "Chora katikati. Mtihani wako unasahihishwa Dar es Salaam." Ubishi huo ulipamba moto mwaka 1967, ukazuka tena mwaka 2012 kwa ajili ya utafutaji wa mafuta, hata marais wastaafu wa kusini mwa Afrika chini ya Ndugu Joaquim Chissano wakaombwa kusuluhisha. Wakati wote huo wavuvi wa usipa wa Matema waliendelea kuvua, maana usipa hawasomi atlasi.

Sasa nije kwa babu yangu.

Watu wa tambarare hii walikuwa wasafiri kabla ya sisi kujenga shule. Zamani za ukoloni vijana wa Unyakyusa walikwenda kwa wingi katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, wakiandikishwa na lile shirika ambalo wazee wetu hulitaja kwa kifupi, Wenela. Walirudi na mablanketi, baiskeli, gramafoni na vifua vibovu. Babu yangu alikwenda mara ya kwanza katika miaka ya 1950, akiwa na karatasi halali za mtu wa Tanganyika. Baada ya Uhuru wa Desemba 1961 serikali yetu ikaufunga mlango huo, kwa kuwa haikutaka watu wake wawe vibarua wa makaburu. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, na mimi nautetea hata leo. Lakini babu alikuwa na ng'ombe wa mahari ambao hawajatimia. Ng'ambo ya Songwe kuandikisha kulikuwa kunaendelea. Na kwa kweli kuliendelea mpaka ndege ya Wenela ilipoanguka Francistown mwezi Aprili 1974, wakafa wachimbaji zaidi ya 70 wa Malawi, ndipo Rais Banda akasimamisha. Basi mwaka 1963 babu akavuka mto kwa mtumbwi, akafikia kwa rafiki yake karibu na Karonga, akajiandikisha kama mzaliwa wa huko. Jina hakubadili, halikuwa na haja ya kubadilishwa. Karani aliandika kijiji cha yule rafiki, kisha wilaya: Karonga, nchi: Nyasaland. Babu akachimba miaka mitatu, akarudi mwaka 1966 na sanduku la bati. Ng'ombe wakatimia. Ile karatasi ikabaki ndani ya sanduku.

Iliningoja humo miaka 40.

Mwaka 2006 nilipata nafasi ya kusoma shahada ya pili katika Taasisi ya Masomo ya Jamii iliyoko The Hague, Uholanzi, pamoja na udhamini. Nilikuwa sijawahi kuwa na pasi. Nikaenda katika ofisi moja, ambayo nitaiacha bila jina, nikaombwa ushahidi wa uraia wangu na wa wazazi wangu. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwepo. Baba hakuwa na cheti, kama walivyo wengi waliozaliwa vijijini mwaka 1950. Mimi, kwa bidii ya msomi, nikaona nipeleke kila karatasi ya ukoo iliyopatikana, nikiamini kwamba wingi wa karatasi ni wingi wa ukweli. Nikafungua lile sanduku la bati. Nikaichukua na ile ya mgodini, nikaibana kwa pini pamoja na nyingine, tena nikaona fahari kwamba ni ya zamani.

Karani akaisoma mara mbili. Akaniuliza, "Babu yako ni Mnyasa?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akamwita mwenzake, huyo ndiye aliyecheka, akasema: "Kumbe nanyi mnaajiriwa serikalini." Vijana wangu, sijawahi kutukanwa kwa sentensi fupi kama ile. Nilikuwa nimekwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa moyo, nimeimba wimbo wa taifa asubuhi zote za miaka 13 ya shule, nalipa kodi, na mtu anayeitwa mtumishi mwenzangu ananitoa katika nchi yangu kwa neno moja. Faili likawekwa kando "kwa uchunguzi". Julai ikapita, Agosti ikapita. Septemba kiti changu The Hague akapewa mwingine.

Nilimchukia yule karani wa kwanza kwa muda mrefu, na leo naona nilimwonea. Karatasi niliileta mwenyewe, na ilisema ilivyosema. Yule wa pili bado simwelewi.

Aliyeniokoa alikuwa mwanasheria kijana, tuliyesoma naye hapa, ambaye leo yumo ukumbini na amenikataza kumtaja. Aliniuliza swali ambalo mimi, mtoto wa Kinyakyusa, sikuwa nimelifikiria hata mara moja: "Bibi yako alizaliwa wapi?" Kwetu ukoo ni wa baba. Tulikuwa tumewasumbua wazee wote wa upande wa babu, tumeandika viapo, tumewapandisha wazee wenye miaka 80 kwenye daladala za baiskeli mpaka kwa hakimu, na hakuna aliyemtaja bibi. Akanifungulia sheria ya uraia ya wakati wa Uhuru. Mtu aliyezaliwa Tanganyika, akiwa chini ya ulinzi wa Waingereza wakati ule, alikuwa raia kuanzia tarehe 9 Desemba 1961, isipokuwa kama wazazi wake wote wawili walizaliwa nje. Wote wawili! Mmoja akiwa mzaliwa wa hapa, yatosha. Hata kama babu angekuwa kweli mtu wa Karonga, baba yangu alikuwa Mtanganyika kwa mama yake.

Bibi alikuwa hai bado. Tulimkuta anapepeta mpunga. Tukamwuliza kama ana karatasi yoyote. Akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nne, chenye jina la usharika wa hapa hapa pwani, jina la baba yake na mwaka. Alikuwa amekihifadhi katika mfuko wa plastiki wa chumvi. Akasema, "Mlikuwa hamjaniuliza."

Pasi niliipata mwezi Februari 2007, na The Hague nikaenda Septemba mwaka huo, kwa udhamini mwingine ulio mdogo kuliko ule wa kwanza. Huko ndiko nilikojifunza kwa vitendo lile jambo la hodi, mlango na kitanda. Kabla ya kuondoka nililazimika kupata viza maalumu ya Waholanzi kwa wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi mitatu. Cheti changu cha kuzaliwa kilithibitishwa na Wizara yetu ya Mambo ya Nje, kisha kikathibitishwa tena na ubalozi wao. Nilipofika nikatakiwa kujiandikisha katika halmashauri ya mji, nikapigwa picha ya kifua kutazamwa kama nina kifua kikuu, ndipo nikapewa kadi ya ukaazi yenye tarehe ya mwisho. Nilipokuwa nimesimama kifua wazi mbele ya ile mashine nilimfikiria babu, maana nao walipimwa vifua kabla ya kushuka mgodini.

Vijana, mniruhusu sasa niseme ya makaratasi, kwa kuwa Mkuu wa Shule ameniomba nisipige porojo tu.

Pasi ya siku hizi ni ya kielektroniki. Ilizinduliwa tarehe 31 Januari 2018, na kuipata hugharimu shilingi 150,000. Utaulizwa kitambulisho cha taifa, cheti chako cha kuzaliwa, na ushahidi wa kuzaliwa wa mzazi wako. Mzazi asiye na cheti hula kiapo mbele ya wakili au hakimu. Kwa safari fupi za jirani ipo pia hati ya dharura ya kusafiria. Hiyo si pasi, nayo haikupeleki Ulaya. Hayo yote si magumu. Ugumu wetu ni majina. Kanisani uliitwa hivi. Mwalimu wa darasa la kwanza akakuandika kwa jina la baba bila la ukoo. Cheti cha mtihani kikachukua ya mwalimu. Kitambulisho cha taifa kikachukua alivyosema mjomba siku ile ya kuandikishwa. Wengine Mwa- imeanguka njiani. Hapa kijijini sote tunajua kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Ubalozini wao ni watu watatu, na wawili kati yao ni wezi. Rekebisha jina ukiwa ungali kidato cha pili, kabla cheti cha Baraza la Mitihani hakijatoka, maana baada ya hapo utatembea na viapo kama mganga na vibuyu vyake.

Jambo jingine ni lile la maofisa wa ubalozi. Watu husema wana chuki. Wengine huenda wanayo. Lakini wengi wanaifuata sheria yao, na ni vema uijue kabla ya kuketi mbele yao. Sheria ya Marekani, kwa mfano, humhesabu karibu kila mwombaji wa viza ya muda kuwa anataka kuhamia moja kwa moja, mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba atarudi. Kwa hiyo ukiulizwa habari za shamba la kakao la baba yako, usidhani unadharauliwa. Unaulizwa ni kitu gani kitakurudisha. Waingereza humtaka mwanafunzi, kama hana mdhamini anayekubalika, aonyeshe kwamba fedha zimekaa benki siku 28 mfululizo. Zile za kukopa kwa shangazi jana jioni, ziingie Jumatatu na kutoka Ijumaa, wanazitambua. Tena masharti hubadilika usiku mmoja. Mwaka 2020 Watanzania walizuiwa katika ile bahati nasibu ya viza za Marekani. Mwaka 2021 zuio likafutwa. Agosti 2025 Marekani ilianza kudai dhamana ya kati ya dola 5,000 na 15,000 kwa baadhi ya waombaji wa Malawi na Zambia, na Oktoba mwaka huo huo Tanzania ikaongezwa katika orodha. Kwa hiyo asije mtu akatekeleza leo aliyosimuliwa na kaka yake aliyesafiri zamani, na hayo yangu ya Uholanzi ya mwaka 2007 yachukueni kama hadithi.

Na wakala anayekwambia "mimi nina mtu ndani", mwulize jina la huyo mtu. Utaona atakavyokumbuka kwamba ana safari.

Sasa kuna jambo ambalo halikuwa katika barua ya kamati, lakini nimekuwa hapa siku tatu na nimelisikia. Nimesikia kwamba wako vijana, na si wa mitaani tu, wanaolipwa kuvusha watu usiku. Wahabeshi wanaopita kwetu kwenda Afrika Kusini hawajaanza leo. Mwezi Juni 2012 Wahabeshi zaidi ya 40 walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa katika lori mkoani Dodoma. Na katika mwezi huo huo wengine zaidi ya 40 walizama katika ziwa hili letu, upande wa Karonga, mtumbwi ulipopinduka. Oktoba 2022 kaburi la pamoja lenye miili zaidi ya 20 lilifukuliwa Mzimba, Malawi. Wale nao walikuwa wameanza safari kwa kutafuta karatasi, wakakata tamaa, wakamlipa mtu. Kijana anayepiga kasia kwa ujira wa usiku mmoja, sheria haimwiti mpiga kasia. Inamwita msafirishaji wa wahamiaji haramu, na adhabu yake ni faini ya mamilioni au miaka mingi gerezani. Lakini sitaki kuwatisha kwa gereza. Mimi babu yangu alivushwa kwa mtumbwi kama huo, na aliyemvusha tulimwita mjomba. Ninachojua ni kwamba mto ule babu aliuvuka mchana, kwa watu wanaomjua, na walimngoja kwa chakula. Hawa wanavushwa gizani, na kuachwa mahali ambapo hawajui hata neno moja la kuombea maji. Mwenye masikio nimemwambia.

La mwisho ni la mwenzetu mmoja. Sitamtaja, lakini rika langu wote mmekwisha mtambua nikisema alikuwa kipa wetu. Yeye hakupenda kungoja. Mwaka 2010 alichukua pasi, akapanda basi kupitia Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, akaingia Afrika Kusini kwa mlango wa mbele, akagongewa muhuri na siku zake. Hakuvunja sheria yoyote. Siku hizi Mtanzania mwenye pasi hahitaji hata viza kwenda kule kwa ziara isiyozidi siku 90 kwa mwaka. Akapata kazi katika gereji Johannesburg. Siku zikaisha, kazi haikuisha. Akajisemea atatengeneza kibali mwezi ujao. Akaoa, akapata watoto wawili, na mwezi ujao haukufika.

Mwaka 2014 Afrika Kusini ilileta kanuni mpya: aliyepitiliza siku zake kwa zaidi ya mwezi mmoja, akitoka tu, huandikwa kuwa mtu asiyetakiwa, na haruhusiwi kuingia tena kwa miaka mitano. Mwaka 2016 mama yake akafariki. Wengi wenu mlikuwepo msibani. Kama angekuja kumzika, angekaa miaka mitano mbali na mkewe na wanawe, na gereji isingemngoja. Alinipigia simu usiku kuniuliza afanye nini. Mimi, mtu wa mipango, sikuwa na mpango. Asubuhi yake aliniomba jambo moja, niishike simu karibu na kaburi. Niliishika. Alisikiliza majembe, alisikiliza akina mama, alisikiliza mchungaji mpaka mwisho. Fedha za simu ziliisha kabla udongo haujaisha, nikaongeza, nikapiga tena.

Mwezi uliopita amenipigia. Safari hii hakuuliza habari zake. Mtoto wake wa kwanza amefika kidato cha pili huko, na shule inamdai karatasi zinazoonyesha yeye ni wa nchi gani. Nilimweleza kwamba kwa sheria yetu ya mwaka 1995 mtoto aliyezaliwa nje, baba au mama yake akiwa raia wa kuzaliwa, ni Mtanzania kwa kurithi. Kwamba atafute cheti cha kuzaliwa cha mtoto huko huko, kisha aende Ubalozi wetu Pretoria. Akauliza watahitaji nini cha upande wake. Nikamwambia cheti chake, na ushahidi wa wazazi wake. Akanyamaza. Mama amekufa, baba alikufa tukiwa shuleni, na nyumba yao ilichukuliwa na mafuriko.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nina ombi ambalo pia halikuwa katika barua. Mzee yeyote aliye hapa ambaye anakumbuka kuzaliwa kwa yule kipa, au aliyembatiza, au aliyesimama naye kipaimara, nitakuwa chini ya ule mwembe wa bwalo mpaka saa kumi, pamoja na yule mwanasheria asiyetaka kutajwa, na mhuri wake ameuleta. Na ninyi vijana ambao majina yenu hayalingani, njooni na vyeti vyenu hapo hapo. Mwenye bibi aliye hai aje naye.